Siri ya Ghorofa ya Kwanza

"Umenyofoa," alisema dada wa leza, na wala hakuwa akiuliza.

Lenzi alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kliniki, kidevu kakiinua juu, na ile taa yenye kioo cha kukuzia ilimmulika usoni kama jua la saa saba mchana. Alitaka kukana. Alikuwa ameshaandaa hata maneno, kwamba labda wembe ulikuwa butu, labda alinyoa kwa haraka. Lakini mtu anayetazama videvu vya wanawake kutwa nzima hadanganyiki kirahisi hivyo. Na Lenzi mwenyewe, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza miwani na kuikalisha kwenye nyuso za watu, alijua vizuri kioo cha namna ile kinavyoumbua.

"Jumapili nilikwenda kwa kina mchumba wangu," akasema. "Nilijitahidi, dada. Asubuhi nikaona vimechomoza tena hapa chini, vigumu kama waya. Nikashindwa kuvumilia."

Dada wa leza akazima mashine. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma Lenzi zaidi. Alimweleza upya, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulisema jambo lile lile kwa wengi, kwamba mwanga wa leza huifuata rangi ya unywele mpaka kwenye mzizi na kuuchoma huko chini. Ukishaung'oa mzizi, mwanga hauna cha kufuata. Kunyoa ruksa, kunyofoa marufuku. Arudi baada ya wiki kadhaa, na kwa vyovyote asiache vidonge vya daktari wa homoni, kwa sababu leza inashughulika na unywele uliokwisha kuota tu. Ule unaokuja nyuma unaagizwa na homoni.

"Kwa hiyo leo hakuna kitu," akasema Lenzi.

"Leo hakuna kitu."

Akashuka kitandani, akajipaka vipodozi vyake mbele ya kioo kidogo cha ukutani. Kwanza rangi ya chungwa kwenye kidevu na chini ya taya, ili kuua kile kivuli cha kijivu ambacho poda peke yake haikifichi. Juu yake rangi ya ngozi yake. Kisha poda. Aliifanya kazi hiyo kwa vidole vilivyozoea, huku machozi yakimlenga, akiyazuia kwa sababu yangechora mifereji na ingebidi aanze upya.

Miaka mingi alikuwa katika vita hivyo. Alianza na uzi, akaja kwenye nta, kisha krimu ya kuondoa nywele ambayo mama yake mdogo alimsifia sana, ikamuunguza na kumwachia baka jeusi kwenye shavu lililokaa mwaka mzima. Chunusi za taya zilikuja na kuondoka zilivyopenda. Nywele za utosini zilizidi kuwa nyepesi, akawa mtu wa vilemba, na watu wakadhani ni madaha. Daktari alipomweleza hatimaye kwamba ovari zake zinavuruga homoni, kwamba hedhi zinazopotea, chunusi, nywele zinazopukutika kichwani na zinazoota kidevuni vyote vina mama mmoja, alilia kwa nafuu. Walau lilikuwa na jina. Lakini jina halikunyoa kidevu. Dukani kwake aliigeuza taa ya mezani ili immulike mteja na yeye abaki kivulini, na hapo kwenye kivuli ndipo alipopendwa.

Alipendwa na mpima ardhi aliyekuja na miwani iliyovunjika mkono, aliyoikalia mwenyewe garini. Mwanamume mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, viatu vyake siku zote vina vumbi la viwanja vya watu. Alirudi mara ya pili akidai miwani inambana, na mara ya tatu akidai imelegea. Mara ya nne hakudai kitu. Yeye ndiye aliyempa hilo jina la Lenzi, na Lenzi naye akambatiza Mpimaji. Sasa walikuwa wachumba, na nyumbani kwa kina Mpimaji Lenzi alikuwa ameshakaribishwa mezani.

Ndiyo maana aliposhuka ngazi za kliniki na kumkuta Mpimaji amesimama kando ya gari lake, nguzo zake za kupimia zikichungulia dirisha la nyuma, moyo ulimlipuka kwa furaha kabla haujakumbuka kuogopa.

"Ghorofa ya ngapi leo?" akamuuliza.

Lenzi hakuelewa. Mpimaji akanyanyua macho kulitazama jengo, naye akayafuata macho yake. Chini kulikuwa na duka la vifaa vya umeme. Ghorofa ya kwanza kliniki ya ngozi, ambayo kibao chake kilikuwa kidogo na kimefifia, na Lenzi aliipendea hicho kibao. Juu yake, kwa herufi kubwa nyekundu, nyumba ya wageni, vyumba safi, usiku na mchana.

"Ingia garini," akasema Mpimaji. "Sitaki kuongelea haya barabarani."

Mle garini, vioo vimepandishwa na joto limewabana, aliyatoa yote. Shemeji yake, mke wa kaka yake, alikuwa amemwona Lenzi akiingia jengo lile, kajitanda mtandio mpaka puani. Akamwona tena mwezi uliofuata. Hakusema, akasubiri amwone mara nyingine, ndipo akaenda kulimwaga mbele ya mama mkwe. Mpimaji aliapa kwamba hakuamini. Lakini tangu siku ile alianza kuhesabu mambo ambayo zamani hakuyahesabu, simu inayozimwa siku fulani fulani, safari ambazo hawezi kusindikizwa.

"Na nikinyoosha mkono nikuguse uso, unageuka," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Toka tujuane. Nimekushika mikono, nimekushika kiuno, shavu lako silijui. Hutaki nikuone asubuhi. Hutaki tupige picha kwa karibu. Nilijiambia ni haya. Basi niambie leo, Lenzi, ni haya au uso huo una mwenyewe?"

Lenzi alimtazama. Yale macho aliyoyapima kwa mikono yake mwenyewe, moja linaona mbali kuliko lenzake, yalikuwa yamejaa maji, na hakuona ndani yake dharau, aliona mtu anayeumia. Hapo hapo hasira ikampanda, ikapita hofu, ikapita aibu. Kunyofolewa, kuunguzwa, kuchomwa, kunyimwa hata ile leza ya leo, halafu juu ya yote awe malaya.

Akaushika mkono wa Mpimaji, akaubandika kidevuni kwake na kuubonyeza kwa nguvu.

"Shika," akasema. "Pitisha vidole kwenda juu. Unasikia?"

Vidole vya Mpimaji vilikwenda juu, vikasita pale ngozi inapokwaruza.

"Ndevu," akasema Lenzi. "Zangu mwenyewe. Nanyoa kila siku kabla hujaamka, ndiyo maana sitaki unione asubuhi. Ghorofa ya kwanza kuna mashine ya kuzichoma. Siku ile ya Jumapili nilizinyofoa kwa kikoleo ili mama yako asizione, na kwa sababu hiyo leo nimerudishwa kama nilivyokwenda. Huyo ndiye mwanamume wangu."

Halafu Mpimaji akacheka.

Kilikuwa kicheko cha nafuu, cha mtu aliyeshikilia pumzi siku nyingi mpaka ikamtoka yenyewe. Aliinamisha kichwa kwenye usukani, akacheka huku akifuta macho, akasema, "Ni hilo tu? Mungu wangu, Lenzi, ni hilo tu?" Hakuwa na nia mbaya hata punje. Baadaye Lenzi mwenyewe alikuja kulikubali hilo. Lakini wakati ule alichosikia ni kwamba yale maisha yake yote ya kujificha, kwa mtu anayempenda, yalikuwa kitu cha kuchekesha. Akafungua mlango akashuka. Mpimaji akamwita jina, akamfuata hatua chache, lakini alikuwa ameshajichanganya na watu.

Siku zilizofuata simu ya Lenzi haikupumzika. Ujumbe ulikuja asubuhi, mchana na jioni. Mpimaji alisema amekosa, kwamba alicheka kwa furaha, kwamba kwake hilo si kitu, na kila alipoandika hilo si kitu Lenzi aliizima simu na kuisukumia kwenye droo ya skrubu. Alitaka mtu wa kumwambia kwamba ni kitu. Kwamba ni kitu kikubwa, kinachochosha, kinachomwamsha mtu kabla ya jua kutoka ili ajitengeneze awe kama wanawake wengine wanavyoamka.

Kisha mama yake Mpimaji akaja dukani.

Alikuja peke yake, asubuhi, kabla wateja hawajaanza kumiminika, miwani kaishika mkononi. Lenzi akamwamkia, akaitikiwa, akampa kiti. Miwani ilikuwa imelegea skrubu moja tu, ugonjwa wa kutengenezwa mtu akiwa amesimama. Mama alikaa.

Wakati Lenzi akiikaza, mama alimsifia duka lilivyo safi, akaulizia afya ya mama yake Lenzi. Lenzi alihisi anatazamwa. Alijua kutazamwa kwa namna ile, macho yanayoshuka kutoka kwenye macho yako yakaenda kutua chini ya mdomo. Hakuwa na haja ya kuambiwa tena.

"Amekwambia," akasema.

"Amenieleza," mama akajibu. "Tulikuwa tumekaa wote mezani, na mke wa kaka yake akarudia yale maneno yake. Mwanangu akashindwa kuvumilia. Akasema mnamsingizia, mwenzenu anaumwa, anakwenda kutibiwa ndevu."

Wote mezani. Lenzi aliwaona mmoja mmoja, kaka mtu na kijiko chake, yule shemeji anavyofunika mdomo kwa kiganja.

"Sikuja kukucheka, mwanangu," mama akaendelea. "Nywele ni nywele, hata mama yangu alikuwa nazo uzeeni. Mimi nimekuja na swali moja, na naliuliza kwa heshima. Nimeuliza watu, wakaniambia maradhi haya yanakaa kwenye kizazi. Utazaa?"

Lenzi akaiweka bisibisi chini. Angeweza kumwambia kwamba hilo halimhusu. Angeweza pia kumdanganya. Akamwambia ukweli kama alivyoambiwa na daktari, kwamba wengi wenye hali hiyo huzaa, wengine kwa msaada wa dawa, wengine kwa kungoja, na kwamba kabla ya kujaribu hakuna anayejua yeye atakuwa kundi gani.

Mama akatikisa kichwa polepole. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mimi baada ya mtoto wa kwanza nilikaa miaka bila mwingine. Mama mkwe wangu aliniimba kila alipopata pa kuniimbia, jikoni, misibani, popote. Huyu Mpimaji wako alipokuja nilikuwa nimeshakonda nikabaki kamba. Najijua, mwanangu. Nataka wajukuu. Mwaka wa kwanza nitanyamaza, wa pili nitauma meno, wa tatu nitakuwa kama yule mama. Ndiyo maana naona heri nikwambie mapema. Mwache, nawe upate mahali pa kupumzika."

Hakukuwa na ukali ndani ya maneno yale, na Lenzi alikosa hata pa kuyashika ili ayasukume. Alimvalisha mama miwani, akaikalisha vizuri nyuma ya masikio, kwa mazoea tu ya kazi. Nyuso zao zilikuwa karibu sana. Safari hii hakurudi kivulini.

"Mama," akasema, "kama ni kuachwa, aje aniache mwenyewe. Sitamwacha mtu kwa kuagizwa."

Mama akainuka. Akaaga, akaondoka.

Mpimaji alikuja jioni ile ile, Lenzi akiwa anafunika meza za vioo kwa vitambaa. Alisimama mlangoni na kofia yake ya kazini mkononi, hana ile sauti yake kubwa. Mama alikuwa amemwambia alikotoka. Akaanza kwa kusema kwamba wala hakumtuma, na kwamba kuhusu watoto yeye ameshawaambia nyumbani, wakija watakuja, wasipokuja atamwoa hivyo hivyo. Alilisema akitegemea litamlainisha. Lenzi aliendelea kutandaza vitambaa.

"Walikuwa wakikuita malaya," akasema Mpimaji. "Mezani kwetu, mbele yangu. Ulitaka nifanyeje? Nilikuwa nakusafisha."

"Ulinisafisha kwa kunivua nguo."

Mpimaji akaiweka kofia mezani.

"Ungesema namwamini," akasema Lenzi. "Neno moja tu. Ungesema namwamini, ukaendelea kula. Lakini hilo lisingekutosha, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa hujaamini. Ulihitaji kuwaonyesha kitu, ukachukua changu. Toka nikiwa msichana nakificha, hata ndugu zangu wa kiume hawajui. Wewe nimekupa siku moja, na kesho yake kiko mezani kwenu kama sahani ya mboga."

"Kwangu mimi hilo si—"

"Usiseme si kitu. Ukilisema tena nitakutoa nje."

Kilemba cha Lenzi kilikuwa kimelegea, naye hakukirudisha. Mpimaji alimtazama kwa muda mrefu, macho yake hayakwenda kidevuni wala hayakukwepa, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. Akamuuliza, taratibu, anataka afanye nini. Yeye ni mtu wa kupima, akasema, akioneshwa mpaka ulipo hatauvuka.

"Sijakuuliza kama utanioa," akasema Lenzi. "Nakuuliza kama unaweza kunyamaza. Habari za mwili wangu, kilichoota, kisichoota, nitakachozaa, nitakachokosa. Watakuuliza mpaka wachoke. Unaweza?"

Kabla hajajibu, simu yake ikaita. Alikuwa ni mama. Mpimaji alitaka kuikata, kisha akaipokea, na kwa vile mama alikuwa mtu wa kuongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya uwanja, Lenzi alisikia kila neno. Mama alitaka kujua kama ameshafika kwa yule fundi wake wa miwani, na kama amemuuliza daktari wake ni daktari gani, na vidonge anavyokunywa ni vya nini hasa, kwa sababu shemeji amesikia kwamba vidonge vya namna hiyo ndivyo vinavyofunga kizazi.

Mpimaji akamtazama Lenzi. Lenzi hakumsaidia.

"Hilo sitakujibu, mama," akasema.

Sauti ya upande wa pili ikapanda.

"Hapana, sijakuvunjia heshima. Lile la kwanza nilikosea kuwaambia, na la pili siwaambii. Ukitaka kujua, muulize mwenyewe, na asipotaka kukueleza basi. Na huyo shemeji umwambie jina la mchumba wangu alipumzishe." Akasikiliza, kichwa kainamisha, jasho likimtoka. "Kama hutakuja harusini, mama, nitahuzunika sana. Lakini hilo nalo sitalilipia kwa siri za mchumba wangu."

Akaishusha simu. "Amekata," akasema, na ilionekana wazi kwamba mtu yule mzima, mwenye ndevu zake mwenyewe, hajawahi kukatiwa simu na mama yake.

Lenzi angependa kusema kwamba hasira ilimwisha pale pale. Haikumwisha. Ilikuwa bado imemkaa kifuani, nzito, na chini yake kulikuwa na kile kingine alichokuwa akikikanyaga siku zote hizi, jinsi alivyokuwa na hamu naye.

"Bado nimekukasirikia," akamwambia.

"Najua."

"Na tarehe ya harusi isitajwe mpaka nitakapoitaja mimi."

Mpimaji akaitikia kwa kichwa.

Wakafunga duka pamoja, yeye akivuta mlango wa chuma, Lenzi akitia kufuli. Gari lilikuwa pale pale nje, lakini Lenzi akasema anakwenda kupanda basi, kama anataka amsindikize kwa miguu. Njiani Mpimaji alifungua mdomo mara moja, akatazamwa, akaufunga. Watu walikuwa wakitoka kazini, wakiwapita huku na huku, na jua la jioni lilimpiga Lenzi usoni moja kwa moja, upande ule ule ambao siku zote alikuwa akiugeuza. Alichoka kuugeuza.

Walipofika kituoni alikaa kwenye benchi. Mpimaji akakaa pembeni yake, nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Nilikuwa bwenini," akasema Lenzi, bila kumtazama. "Unywele wa kwanza niliuona kwenye kioo cha bafuni, wenzangu wamepanga foleni nje wananigongea. Nilikuwa na mkasi wa kushonea tu."

Mpimaji hakucheka, wala hakumwambia pole. Alisogea kidogo tu ili asikie vizuri. Basi likaja, likafungua mlango, kondakta akawatazama. Lenzi akampungia mkono aondoke, akaendelea kusimulia.